Kabla Hujajaza Fomu ya Kugombea

Wewe uliyejiunga na klabu ya mbio za pikipiki za zamani msimu uliopita, na tayari wenzako wanakwambia "gombea, tunataka damu mpya", naomba unisikilize kidogo. Nimegombea ujumbe wa bodi mara mbili katika klabu moja ya kusini-mashariki mwa Marekani. Mara ya kwanza nilishindwa, na nilistahili kushindwa. Ya pili nikapita.

Mara ile ya kwanza niliamini kwamba anayemaliza wa kwanza ndiye anayejulikana. Nilikuwa na Honda CB350G ya 1973 na vikombe kadhaa kabatini. Kumbe wapiga kura wengi hawajawahi kuniona nikikimbia. Klabu za aina hii hazina mbio za lami peke yake: wako watu wa motokrosi, wako wa uwanja wa vumbi, wako wale wanaopanda mawe na magogo polepole bila kukanyaga chini. Halafu kuna wazee ambao pikipiki yao iko gereji chini ya turubai, hawajaiwasha miaka, lakini ada wanalipa kila mwaka, jarida la klabu wanalisoma mpaka matangazo ya vipuri, na karatasi ya kura wanairudisha siku ileile inapofika. Hao ndio wanaomweka mtu kwenye kiti.

Nao walisoma maelezo yangu ya kugombea. Karibu yote yalihusu breki. CB350 ilianza kuuzwa 1968 ikiwa na breki ya dramu mbele. Yangu, ya mwaka wa mwisho, ilitoka kiwandani na diski. Klabu nyingi hukubali pikipiki iliyotengenezwa baada ya mwaka wa ukomo uliowekwa kwa daraja fulani la mbio, mradi umbo na ufundi wake ni uleule wa zamani. Diski, waamuzi walisema, si ufundi uleule, kwa hiyo nikapangwa daraja la juu pamoja na pikipiki zenye nguvu kuliko yangu. Niliandika ukurasa mzima kuonyesha kwamba wamekosea. Matokeo yalipotoka, mzee mmoja wa motokrosi alinipigia simu kunipa pole, kisha akaniuliza: "Kijana, ulitaka kiti kwa ajili ya klabu au kwa ajili ya breki yako?"

Sikuwa na jibu. Msimu uliofuata, wikiendi ya mbio katika uwanja wa Roebling Road karibu na Savannah, Georgia, niliiacha pikipiki nyumbani nikaomba nipewe bendera, yaani nisimame kwenye kona kuwapa waendeshaji ishara.

Fanya hivyo kabla ya jambo lingine lolote. Saa moja asubuhi nilikuwa kona ya tisa, ile ya kuingilia sehemu ndefu iliyonyooka, umande bado uko kwenye majani. Pikipiki za Uingereza zilipopita kwa mara ya kwanza zikaacha harufu ya mafuta ya nyonyo, yale ambayo bibi zetu walipaka nywele. Huku wapo wanaoyaamini kwenye injini mpaka leo. Mbio za tatu, jamaa mmoja akateleza mbele yangu kabisa. Nilipunga bendera ya njano, ile ya kuonya hatari, mpaka bega likauma. Mguu ulikuwa umevunjika. Ambulansi ikamchukua, na ilikuwa moja tu. Bila ambulansi uwanjani hakuna pikipiki inayowashwa, basi tukakaa. Watu waliosafiri usiku kucha wakiburuza trela walikaa kwenye viti vya kukunja wakitazama lango, zaidi ya saa nzima. Mbio mbili zikafutwa.

Jioni nilimfuata mama anayesimamia usajili nikamuuliza kwa nini tusikodi ambulansi mbili. Hakubishana nami. Alifungua faili, akaniwekea mbele hesabu za wikiendi ile.

Hapo ndipo pa kujifunzia. Kodi ya uwanja, bima na ambulansi hulipwa vilevile wakija waendeshaji 80 au wakija 200. Sisi tuliowahi kukaa kamati za harusi tunalijua hili: ukumbi ukishalipiwa umelipiwa, wageni waje wasije. Kwa hiyo ukimsikia mgombea anaahidi kupunguza ada ya kushiriki, muulize atakata wapi. Na wewe usiahidi kabla hujaona vitabu. Klabu isiyo ya faida iliyosamehewa kodi Marekani hujaza Fomu 990, taarifa ya mapato na matumizi yake kwa mamlaka ya kodi, kila mwaka, na kisheria ni lazima ikuonyeshe za miaka mitatu ya karibuni ukiomba (klabu ndogo sana hujaza tamko fupi tu). Omba. Soma na katiba ya klabu, hasa kifungu cha mgongano wa maslahi. Nitakirudia.

Majira ya baridi nilipiga simu, jioni mbili au tatu kila wiki. Sikuomba kura. Niliuliza tu: mwaka huu nini kilikukera? Watu wa motokrosi walilalamika kwamba jarida linaandika lami tu. Wazee walitaka simu zao zipokelewe. Maelezo yangu ya pili yalikuwa aya tatu: nimeshika bendera wikiendi ngapi, nimesoma hesabu zipi, na kwamba nitatafuta fedha za ambulansi ya pili hata kama ada itapanda kidogo. Niliandika hivyo wazi, ada itapanda. Nikapita.

Kikao changu cha pili, mjumbe mwingine, bila kushauriana nami, akaleta hoja ya kuruhusu diski ya CB350G katika daraja la chini. Breki yangu mwenyewe! Nilisimama, nikaeleza kwamba ninamiliki pikipiki hiyo, nikatoka nje. Kaa tayari kwa siku hiyo, kwa sababu klabu ni ndogo na kila sheria inamgusa mtu aliyeko mezani. Usibaki chumbani "kusikiliza tu". Uso wako nao unapiga kura.

Waliponiita ndani, hoja ilikuwa imeanguka kwa kura moja, na mwenyekiti alishafika kwenye ajenda inayofuata, ile ya ambulansi. Nikavuta kiti, nikatoa karatasi zangu za hesabu.