Kidonda kimepona, mbona bado kinauma?

Wiki hii msomaji mmoja ameniandikia. Alifanyiwa upasuaji miezi mitano iliyopita, mshono umefunga vizuri, vipimo havionyeshi kasoro, lakini nguo ikigusa kovu tu anashtuka kwa maumivu. Anauliza kama akili yake imeanza kumchezea. Hapana, ndugu yangu. Maumivu hayo ni ya kweli na nimeishi nayo.

Mimi nilipasuliwa ngiri ya kinena. Operesheni ilikwenda salama na kovu likabaki mstari mwembamba. Ila usiku nililala chali, nimelinyanyua shuka kwa mkono lisiniguse kinenani, kwa sababu likigusa nahisi moto. Daktari mmoja alilibonyeza kovu kwa kidole, akafunga faili, akasema, "Umepona. Hayo mengine ni mawazo yako." Neno hilo liliniumiza, na linaniuma mpaka leo, maana nilirudi nyumbani nikaacha kulalamika kabisa.

Ukweli ni huu. Kisu kinapokata, mishipa ya fahamu hurusha taarifa mfululizo hadi kwenye uti wa mgongo, hata kama umelazwa kwa dawa ya usingizi. Taarifa zikimiminika kwa wingi, seli za uti wa mgongo hubadilika: zinaitikia upesi, zinaitikia kwa nguvu, na mguso mwepesi unafika kwenye ubongo ukiwa maumivu. Ni kama spika iliyofunguliwa sauti hadi mwisho. Mtafiti Clifford Woolf alilionyesha jambo hili mwaka 1983, kwa hiyo hakuna daktari wa leo mwenye haki ya kulishangaa. Ubongo nao hutuma amri kwenda chini, za kutuliza maumivu au za kuyachochea, na hofu pamoja na kukosa usingizi huchochea. Kwa wengi hali hii hutulia kidonda kinapopona. Isipotulia, yakapita miezi 3, hayo huitwa maumivu sugu ya baada ya upasuaji. Wakati mwingine pia mshipa wa fahamu wenyewe uliguswa au kubanwa, na kwenye kinena hilo linajulikana sana.

Kwa hiyo anayekwambia ni mawazo, hajui anachosema. Maumivu yote hukamilikia kwenye ubongo, hata ya kujikwaa kidole.

Kilichonisaidia? Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alinianzisha na pamba: kuipitisha taratibu pembeni mwa kovu, kisha juu yake, baadaye kitambaa laini, baadaye taulo. Mara chache kwa siku, bila kujilazimisha. Mwanzoni nilikunja uso kila nikigusa. Polepole neva, yaani mishipa ya fahamu, zikazoea kwamba mguso si hatari. Nilitembea kidogo kidogo, nikalinda usingizi wangu. Usingizi jamani! Usiuchukulie kirahisi.

Na wewe unayejiandaa kwa upasuaji, zungumza mapema na daktari wa dawa ya usingizi. Muulize kuhusu ganzi ya sehemu inayopasuliwa, mwambie kama una maumivu ya muda mrefu mahali pengine au una hofu kubwa. Baada ya upasuaji kunywa dawa za maumivu kwa saa ulizopangiwa, usijikaze kishujaa mpaka yakuzidi. Kujikaza hakuna tuzo. Tunafundishwa kuvumilia tangu utotoni, halafu tunavumilia hadi tunajiumiza.

Msomaji wangu, rudi hospitali. Kama kuna homa, usaha, wekundu unaosambaa au uvimbe mpya, nenda leo. Kama hakuna, mweleze daktari kwa maneno haya: yanaunguza, yanapiga kama shoti, au ngozi imekufa ganzi, na ni mguso gani unaoyaamsha. Maelezo hayo humwonyesha kama neva zinahusika, na zipo dawa za maumivu ya neva ambazo si hizi za kawaida. Akikujibu tena kwamba ni mawazo, omba akuandikie rufaa ya kliniki ya maumivu.