Jibu: Oksidi ya zinki ya majani ikiua seli za saratani, ni mmea au ni zinki?

Mkuu, umeuliza kama unaweza kuandika kwenye tasnifu yako kwamba viambata vya mmea ndivyo vilivyoua seli za saratani, kwa kuwa chembe nano zako (chembe ndogo mno) za oksidi ya zinki umezitengeneza kwa dondoo ya majani. Kwa uzoefu wangu wa maabara, hapana. Umesema mwenyewe kwamba uliuchoma unga kwa nyuzi 500 za Selsiasi.

Polifenoli na flavonoidi, yaani viambata vya mmea vyenyewe, hazihimili joto hilo. Kazi yao ilikuwa mwanzoni: kushika ayoni za zinki na kuzuia chembe zisikue ovyo. Tanurini zinaungua. Hata kwa macho unaona: unga unaingia wa kahawia, unatoka mweupe.

Na oksidi ya zinki inaua seli bila msaada wa mmea wowote. Seli ikiimeza, chembe huishia kwenye lisosomu, kifuko cha seli cha kumeng'enyea vitu, ambamo kuna asidi: pH ni kama 4.5 hadi 5. Humo inayeyuka, ayoni za zinki zinafurika, oksijeni tendaji zinaongezeka, seli inakufa. Seli nzima isiyo na saratani nayo yaweza kufa vivyo hivyo, na hilo ndilo linaloniumiza nikisoma kazi zinazotangaza “dawa” baada ya kupima aina moja tu ya seli. Anayesoma huenda ana mgonjwa nyumbani.

Kwa hiyo rudia kipimo cha MTT (kipimo cha rangi kinachoonyesha seli zilizo hai) ukiwa na seli za kawaida, dondoo peke yake, na zinki asetati, chumvi ya zinki inayoyeyuka majini, yenye kiasi kilekile cha zinki. Asetati ikiua sawasawa na chembe zako, basi muuaji ni ayoni. Weka pia visima vyenye chembe bila seli, maana chembe hutawanya mwanga na kuharibu usomaji wa nanomita 570.

Upande wa kichocheo, yaani kupima kama chembe zinavunja rangi zikipigwa mwanga, rangi ya methilini bluu ikae gizani na chembe kwa dakika 30 hivi kabla ya kuwasha taa, la sivyo utahesabu rangi iliyonata tu kwenye unga kuwa imevunjwa.

Ukitaka viambata vibaki, usichome. Kausha kwa nyuzi 60 hadi 80, uvionyeshe kwa FTIR (kipimo cha infraredi kinachotambua vifungo vya kemikali), kisha hakikisha kwa mtawanyiko wa eksirei, unaoonyesha mpangilio wa fuwele, kwamba umepata oksidi kweli: vilele karibu na digrii 31.8, 34.4 na 36.3. Visipoonekana, huenda ulichonacho ni haidroksidi.