Chupa zitoke China au zipulizwe hapa?

SWALI: Ninatengeneza sabuni ya maji hapa Katuba, Lubumbashi. Kiwanda kimoja cha Guangzhou kinaniuzia chupa tupu za nusu lita kwa bei nafuu kuliko za hapa. Niagize kontena?

JIBU: Bei hiyo ni ya mlangoni kwao, Mama. Kontena la futi 20 lina mita za ujazo 33. Ukilipanga vizuri utatumia kama 28, yaani chupa zisizofika 40,000. Kutoka Dar es Salaam hadi mpakani Kasumbalesa utakuwa unasafirisha hewa.

Agiza prifomu, vile vichupa vinene vya plastiki ya PET ambavyo havijapulizwa. Kwa nusu lita, ya gramu 20 hivi inatosha, na kontena lilelile hubeba karibu mara nane. Mashine huzipasha hadi karibu digrii 100, kisha kompresa husukuma hewa yenye shinikizo la baa 25 hadi 30. Zikipulizwa hazijaiva, chupa hutoka na weupe; moto ukizidi, zinapoteza uangavu. Umeme ukikatika, zilizomo kwenye tanuri ni za kutupa, basi jenereta iingie kwenye hesabu tangu mwanzo.

Kinachoumiza wengi ni shingo. Aina mbili za shingo, PCO 1810 na PCO 1881, zote ni za milimita 28, lakini kifuniko cha moja hakifungi sawasawa kwenye nyingine. Dai sampuli za prifomu na vifuniko pamoja, uzijaribu kwa sabuni yako, ndipo utoe malipo ya mwanzo ya asilimia 30. Iliyobaki ingoje mkaguzi wako auone mzigo kwa macho. Picha za simu hazitoshi.