Simu ya kwanza baada ya kidato cha nne

Mtihani wa kidato cha nne huisha Novemba, matokeo hutoka mwishoni mwa Januari, na kidato cha tano huanza Julai. Hapo katikati kijana yuko nyumbani. Huku Dodoma wengine husaidia dukani Majengo, wengine huandikishwa kozi fupi ya kompyuta, na wengi hushinda ndani na simu janja waliyonunuliwa kama zawadi ya kumaliza shule. Mtoto aliyekaa bweni miaka minne, ambako kukutwa na simu ni kosa kubwa, sasa ana simu yake mwenyewe, ina bando, na hakuna mwalimu wa zamu. Wazazi wenzangu, miezi hii inahitaji jicho letu kuliko ile ya shule.

Anza na laini. Kijana ambaye hajatimiza miaka 18 hana kitambulisho cha NIDA, kwa hiyo laini yake husajiliwa kupitia mzazi au mlezi. Piga *106# ufuate maelekezo, utaona laini zilizo chini ya namba yako ya NIDA. Mweleze kijana kwamba asimwazime mtu laini hiyo apokelee pesa, hata awe rafiki wa kwaya. Pesa ya wizi ikipita hapo, wa kwanza kuulizwa ni wewe. Na ujumbe wa "ile pesa itume kwenye namba hii" usijibiwe, upelekwe 15040, namba ya kuripoti matapeli.

Halafu kaeni pamoja jioni moja, simu ikiwa mkononi mwake, wewe ukiangalia. WhatsApp, sehemu ya faragha: waruhusiwe kumwingiza kwenye makundi wale tu aliohifadhi namba zao. Aweke uthibitishaji wa hatua mbili. Mtazame na vifaa vilivyounganishwa, kama kuna kompyuta asiyoijua aiondoe. Ila jambo ninalolisisitiza zaidi ni mwaka wa kuzaliwa. Vijana hujiongezea umri wanapofungua akaunti, na hapo ndipo ulinzi unapopotea. TikTok, kwa mfano, haimruhusu mwenye chini ya miaka 16 kutumiana ujumbe wa siri na watu. Aliyejiandika kuwa ana miaka 20 anachukuliwa kama mtu mzima, na yeyote anaweza kumfikia. Muulize mwaka alioandika, kwa upole, na mrekebishe.

Mipangilio ina mwisho wake, ndiyo maana nilimwahidi binti wa dada yangu, alipokuja kukaa kwangu Ipagala akisubiri matokeo: lolote likikukuta humo ndani, niambie, na simu sitakunyang'anya. Watoto wengi hunyamaza kwa sababu wanajua adhabu itaanzia kwenye simu. Anayewasumbua anajua hilo kuliko sisi.

Siku moja nikichambua mchicha jikoni alikuja akasimama mlangoni. "Mama mdogo, ulisema hutanichukulia simu." Nikaacha mboga. Kulikuwa na mtu aliyemkuta kwenye kundi la nafasi za masomo, akajitambulisha kama mwanafunzi wa chuo. Alianza kwa kumtumia vocha, kila mara bila kudai kitu. Zikafuata simu za usiku, kisha maombi ya picha. Alipopata picha moja ambayo binti hakutaka mtu mwingine aione, sauti ikabadilika: tuma nyingine au hii inakwenda kwenye kundi la vijana wa kanisani kwenu.

Nilimshika mkono kwanza. Hakuna swali la "ulituma kwa nini" linalosaidia saa hiyo, kosa ni la anayetisha. Hatukumjibu, hatukumlipa, wala hatukufuta kitu. Tulipiga picha za skrini zikionyesha namba, tarehe na vitisho, ndipo tukamzuia. Kesho yake tukaenda polisi, Dawati la Jinsia na Watoto, binti akasikilizwa na askari wa kike faraghani. Asiyejua aanzie wapi apige 116, namba ya huduma kwa mtoto. Kupiga ni bure, na mtoto mwenyewe anaweza kupiga.

Kuna pia huduma ya bure iitwayo Take It Down, inayoendeshwa na shirika la Marekani la NCMEC, kwa picha za utupu zilizopigwa mtu akiwa chini ya miaka 18. Picha haitoki kwenye simu yako. Kinachotumwa ni alama ya tarakimu inayotengenezwa kutokana nayo, na mitandao iliyojiunga, ikiwemo Facebook, Instagram na TikTok, huitumia kuitambua na kuiondoa.

Hapa naomba mnisikilize sana. Picha ya namna hiyo ikifika mikononi mwako, usiirushe kwa mjomba, wala kwa mchungaji, wala kwenye kundi la ukoo ili "mshauriane". Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kusambaza picha za ngono za mtoto, na haisemi kwamba ndugu wana ruhusa. Iache kwenye simu ilimo, ibebe simu yenyewe mpaka dawatini, na mtoto aende akiwa amekaa karibu yako.