Uliza Mwanajiolojia: Timbo limefukiwa, mbona mipapai inakauka?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Tunaishi Kisauni, Mombasa, karibu na timbo la zamani la mawe ya matumbawe. Lilijazwa taka, likafukiwa kwa udongo, na sasa watoto huchezea mpira juu yake. Mwaka huu mipapai yetu ya upande wa timbo imekauka ilhali ya upande wa barabara inazaa, na kisimani kunatoka mapovu. Fundi alikuja na kipimo saa nne asubuhi, akasimama sebuleni, akasema hakuna gesi. Mume wangu ameridhika. Majirani wanasema kama hakunuki, hakuna hatari. Mimi silali. Je, gesi ya taka inaweza kutembea hadi kwetu?
Mama wa wawili, Kisauni

JIBU: Marahaba, mwanangu. Inaweza, na kipimo cha asubuhi ile kisikutulize.

Taka za jikoni zikikosa hewa huliwa na bakteria, nao hutoa methani na kaboni dayoksaidi. Kazi hiyo huendelea kwa miongo ya miaka. Methani haina harufu, kwa hiyo waambie majirani pua si kipimo. Ikifika kati ya asilimia 5 na 15 ya hewa ya chumbani, cheche ya swichi ya taa inatosha kuilipua.

Mashaka yangu makubwa ni huo mwamba wenu. Matumbawe ya Mombasa yamelika kwa maji ya mvua tangu kale, yakabaki na matundu, nyufa na hata mapango. Gesi hupita humo, tena haisambai sawasawa: inaweza kumruka jirani aliyepakana na timbo ikatokea kwako, kwa kuwa ufa umeelekea kwako. Na ule udongo uliofukia, ukishindiliwa kisha ukalowa masika, huziba njia ya juu. Gesi iliyokuwa ikipaa angani hulazimika kwenda ubavuni. Ndiyo maana neno "limefukiwa" halinipi faraja hata kidogo.

Haya yameshatokea. Huko Loscoe, Derbyshire, Uingereza, shimo lililochimbwa udongo wa matofali lilijazwa taka za nyumbani. Alfajiri ya tarehe 24 Machi 1986, nyumba iliyokuwa mita 70 hivi kutoka hapo ililipuka na kubomoka kabisa. Watu watatu waliokuwa ndani waliumia vibaya, lakini walinusurika. Gesi ilikuwa imepita kwenye nyufa za mwamba wa mchanga, na kanieneo ya hewa, yaani nguvu ya hewa inavyoikandamiza ardhi, ilikuwa imeshuka kwa milibari 29 katika muda wa saa 7 tu. Hewa ya juu ikipungua nguvu, gesi iliyo ardhini hutoka. Kabla ya mkasa huo, mimea katika bustani ya jirani ilikuwa imekwisha kufa na udongo kupata joto. Sisemi mipapai yako imekufa kwa sababu hiyo hiyo, maana maradhi ya mipapai ni mengi. Lakini kukauka upande wa timbo peke yake ni dalili ambayo mimi nisingeipuuza.

Sasa turudi kwa fundi wako. Kwetu huku karibu na ikweta, kanieneo hupanda na kushuka mara mbili kwa siku. Huwa juu kabisa panapo saa nne, asubuhi na usiku, na chini kabisa panapo saa kumi, jioni na alfajiri. Alikuja saa ambayo hewa inaikandamiza gesi ibaki chini! Kisha akapima sebuleni, bila shaka milango ikiwa wazi.

Mwombe arudi saa kumi jioni, siku za bamvua, ikiwezekana baada ya mvua kubwa. Karibu na bahari, maji yaliyomo ndani ya matumbawe hupanda bahari ikijaa, nayo huisukuma gesi juu. Angalia mwenyewe kama mapovu ya kisimani yanazidi wakati huo. Apime ndani ya kabati lililofungwa tangu jana, pale mabomba yanapotoboa sakafu, na mdomoni mwa kisima. Bora zaidi, yatobolewe mashimo membamba ya kupimia kati ya nyumba na timbo, yasomwe mara nyingi kwa miezi kadhaa. Andikeni kila kipimo pamoja na saa yake, kisha mpeleke barua idara ya mazingira ya kaunti na NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, mkiwa majirani wote pamoja. Mtaro wa kokoto wenye mabomba ya kutolea gesi unaweza kuikinga mitaa, mradi ushuke hadi kwenye maji ya ardhini. Ukuta mfupi wa zege gesi itaupitia chini, na fedha zenu zitakuwa zimepotea.

Kuanzia leo, acheni madirisha wazi. Mtu asijaribu gesi kwa kibiriti. Na tafadhali sana, asishuke mtu kisimani, hata kwa kuokota ndoo. Kaboni dayoksaidi ni nzito kuliko hewa, hutuama chini, na anayeshuka huzirai kabla hajapiga kelele. Anayemfuata kumwokoa naye hubaki huko. Kifunikeni kwa wavu wa chuma wenye kufuli. Msikizibe kwa zege, maana gesi inayotokea hapo itatafuta njia nyingine, na iliyo karibu ni sakafu yenu.