Maswali ya Wasomaji: Je, Uigizaji Unaweza Kufananishwa na Michezo ya Ushindani?

SWALI: Mhariri, naomba utusaidie kumaliza ubishi. Mimi ni mwigizaji wa jukwaani na kaka yangu ni mkimbiaji. Yeye anashikilia kwamba uigizaji hauwezi kupimwa kwa mizani moja na michezo, kwa sababu sisi "tunajifanya" ilhali wao wanashindana kwelikweli. Mimi namjibu kwamba tunafanya mazoezi kama wao, tunachoka kama wao, na tunapewa tuzo kama wao. Nani kati yetu ana haki?
Mwigizaji wa miaka sita

JIBU: Ndugu msomaji, ubishi wenu umo ndani ya lugha yetu wenyewe. Kiswahili kinauita mpira mchezo, na tamthilia inapopandishwa jukwaani kinaiita mchezo wa kuigiza. Na kabla ya kutoka mbele ya watazamaji, mkimbiaji na mwigizaji wote wanafanya kitu kinachoitwa mazoezi. Sidhani kwamba jina hilo limekutana kwa bahati tu. Hata hivyo, neno "mashindano" tumelibakiza zaidi upande wa kaka yako, na hilo nalo lina sababu yake.

Nianze na upande wako, kwa kuwa una nguvu kuliko kaka yako anavyodhani. Mtu anayesema kwamba mwigizaji anajifanya tu hajawahi kusimama karibu naye anapotakiwa kunong'ona na bado asikike na aliyeketi safu ya mwisho. Pumzi lazima ishuke mpaka tumboni, mbavu zifunguke, koo na taya vilegee. Akikaza koo, sauti itakuwa imekauka kabla ya onyesho kwisha. Mwigizaji anayeanguka chini kama aliyepigwa risasi ameanguka hivyo mara nyingi sana mazoezini, akijifunza ni sehemu gani ya mwili itangulie ili goti na kiwiko visiumie. Katika majumba makubwa ya maonyesho ya London na New York, utaratibu wa kawaida ni maonyesho 8 kwa wiki, yaani kuna siku mbili ambazo mwigizaji hulia, hupigana na hufa mara mbili kwa siku moja. Mkimbiaji wa mbio fupi hupanga mwaka mzima ili mwili wake ufike kileleni kwa mashindano machache tu. Mwigizaji hudaiwa kilele hicho kila mara taa zinapowashwa. Anayoyaigiza ni ya kubuni, lakini jasho lake na uchovu wake ni halisi, na hapo kaka yako amekosea.

Tena ulikuwapo wakati ambapo uigizaji ulikuwa mashindano rasmi, yenye waamuzi na kanuni. Katika Athens ya kale, kwenye sikukuu ya kumtukuza Dionysos, mungu wa mvinyo wa Wagiriki, watunzi watatu wa tanzia, yaani tamthilia za huzuni, walishindanishwa kila mwaka, na waamuzi walipatikana kwa kura ya bahati ili wasinunuliwe mapema. Kuanzia mwaka 449 hivi kabla ya Kristo ikaongezwa tuzo ya mwigizaji mkuu, ambaye aliweza kushinda hata kama tanzia aliyoigiza imeshindwa. Wagiriki waliona haraka tatizo ambalo mwanamichezo yeyote angeliona: aliyepewa maandishi mazuri ametangulizwa hatua kadhaa mbele ya wenzake. Kwa hiyo waigizaji wakuu waligawiwa watunzi kwa kura, na katika karne ya 4 kabla ya Kristo ukawekwa utaratibu kwamba kila mwigizaji mkuu aigize tanzia moja ya kila mtunzi. Kwangu mimi hilo ndilo jaribio la haki kuliko yote niyajuayo la kuufanya uigizaji uwe mashindano, kwani walielewa kwamba hakuna ushindani wa maana pasipo kuwapa washindani mzigo uleule.

Lakini hebu tazama jambo moja. Hata huko Athens, mwigizaji mkuu alishindana na waigizaji wakuu wa tanzia nyingine. Yule aliyesimama naye jukwaani hakuwa mpinzani wake. Hapa ndipo njia zinapoachana, na kwa maoni yangu tofauti hii ni kubwa kuliko ile ya nani anajifanya na nani hajifanyi. Mchezaji wa tenisi hurudisha mpira mahali ambapo mwenzake hataufikia. Mwigizaji huurudisha mahali ambapo mwenzake ataudaka vizuri kuliko alivyotarajia, kwa sababu asipoudaka mchezo wenyewe unakufa mikononi mwa wote wawili.

Miaka kadhaa iliyopita niliongoza tamthilia yenye tukio fupi la kijana anayemkabidhi mama yake barua. Mama anaifungua, anasoma kimya, kisha anauliza, "Umeisoma?" Kijana anajibu, "Ndiyo." Maneno ni hayo tu. Mwigizaji wa kijana alikuwa na kipaji cha machozi, naye alikijua. Mama alipoanza kuifungua barua, yeye akasogea mbele, akainamisha kichwa na kuanza kulia, akalia vizuri sana, na macho yetu wote tuliokuwa ukumbini yakamhamia. Swali la mama likapita bila kusikika, na kwa kuwa swali halikusikika, jibu lake likadondoka kama jiwe kwenye mchanga. Alikuwa amemshinda mwenzake, na tukio likawa limeharibika. Kesho yake nilimwomba asifanye lolote ila kutazama kidole gumba cha mama. Mama yule alikuwa na namna yake ya kupitisha kidole gumba juu ya mkunjo wa karatasi, taratibu, kutoka mwanzo hadi mwisho wake, kabla ya kuifungua. Kijana akakitazama kidole kile, nasi tukakitazama pamoja naye. Lile "Ndiyo" lilipotoka, lilitoka chini sana, na fundi wa taa akachelewa kuzima taa.

Mimi sisemi kwamba jukwaani hakuna ushindani. Upo mwingi, ila ni wa wahusika. Mama anataka kujua, kijana anataka kuficha, na kila mmoja hutumia kila alichonacho ili kupata anachotaka. Ushindani huo ukilegea watazamaji husinzia. Waigizaji wawili hushirikiana kwa uaminifu mkubwa ili wahusika wawili wapambane bila huruma. Kaka yako akiwa uwanjani ni mtu mmoja: anayekimbia ndiye anayetaka kushinda. Wewe jukwaani ni wawili, na ukiwachanganya hao wawili utaumia au utamuumiza mwenzako.

Ipo tofauti ya pili, ambayo nitaigusa kidogo. Mashindano huvuta watu kwa sababu matokeo hayajulikani, na yakijulikana wengi hawarudii kuyatazama kwa shauku ileile. Mwigizaji anajua mwisho wa hadithi, mara nyingi mtazamaji naye anaujua, na bado mtazamaji hutetemeka. Kuingia kila usiku katika swali ambalo jibu lake unalijua, huku ukilisikia kana kwamba ni mara ya kwanza, ni kazi ambayo mkimbiaji hadaiwi. Kwa hiyo kaka yako ana haki anaposema kwamba hamko katika mashindano, ila sababu aliyoitoa siyo.

SWALI: Mwandishi wa safu, mazoezi ya viungo na uchezaji kwenye barafu huamuliwa kwa macho ya waamuzi, wala hakuna saa wala futi inayotumika. Kama hiyo ni michezo ya ushindani, kwa nini uigizaji usiwe? Na je, tuzo za waigizaji zina maana gani?
Msomaji mpenda michezo

JIBU: Swali lako ni gumu kuliko la kwanza, kwa maana linaifunga njia rahisi. Ingetosha kusema kwamba Usain Bolt alikimbia mita 100 kwa sekunde 9.58 mjini Berlin mwaka 2009, kwamba saa haina mapenzi wala chuki, na kwamba uigizaji hauna saa. Lakini wewe umeleta michezo isiyo na saa, na ni kweli kwamba Nadia Comăneci wa Romania alipopata alama 10 kamili katika mazoezi ya viungo kwenye Olimpiki ya mwaka 1976 huko Montreal, alama hiyo ilitoka katika macho na akili za binadamu.

Tazama lakini jinsi michezo hiyo inavyohangaika kuyafunga macho hayo kwa kanuni. Tangu mwaka 2006 alama ya mazoezi ya viungo imegawanywa sehemu mbili: ugumu wa vitendo vyenyewe, na namna vilivyotekelezwa. Kila kitendo kina thamani inayojulikana kabla mchezaji hajapanda, na kosa la kuyumba wakati wa kutua lina makato yake. Wote hupanda ubao mwembamba wa kufanyia mazoezi, wenye urefu uleule na upana uleule. Sasa jaribu kuandika jedwali la aina hiyo kwa waigizaji. Kulia kuna thamani gani, na kujizuia kulia kuna thamani gani? Kusita kabla ya kujibu ni kosa la kukatwa alama, au ndiyo sehemu bora ya tukio zima? Kitendo kilekile ni sahihi kwa mhusika mmoja na ni uharibifu kwa mwingine, na hakuna ubao unaolingana wa kuwapandisha wote.

Ndiyo maana tuzo huleta mkanganyiko. Katika tuzo za filamu za Oscar zilizotolewa mwaka 1969, Katharine Hepburn na Barbra Streisand walilingana kura na wote wakatwaa tuzo ya mwigizaji bora wa kike. Mmoja aliigiza malkia wa karne ya 12, mwingine msanii wa vichekesho na nyimbo wa karne ya 20. Linganisha na fainali ya kuruka juu ya Olimpiki ya Tokyo, iliyofanyika mwaka 2021, ambapo Mutaz Barshim wa Qatar na Gianmarco Tamberi wa Italia waligawana dhahabu baada ya wote kuruka mita 2.37 na kushindwa kuvuka mita 2.39. Wanariadha wale waliruka ufito mmoja. Waigizaji wale hawakuruka kitu kimoja, na kulingana kwao kulikuwa kwa kura, si kwa urefu. Mwaka 1971 George C. Scott aliikataa tuzo ya Oscar aliyopewa kwa kuigiza Jenerali Patton wa Marekani, akiwa ameeleza mapema kwamba hajihesabu kuwa yumo katika mashindano na waigizaji wenzake. Mimi simlaumu anayepokea tuzo, kwani humfungulia milango ya kazi na huwaleta watu kutazama kazi ambayo pengine wasingeitazama. Ila nadhani ni sahihi zaidi kuisoma tuzo kama shukrani ya watu wa kazi moja kwa mwenzao kuliko kuisoma kama matokeo ya mbio.

Mashindano ya kweli ya waigizaji yako kwenye usaili, ambako watu wengi huwania nafasi moja. Hata hapo, mtu anaweza kuigiza vizuri kuliko wote na akakosa nafasi kwa sababu ni mrefu kuliko atakayeigiza baba yake. Mkimbiaji hakosi medali kwa sababu hiyo, na nadhani ndiyo maana kukosa nafasi kunamuuma mwigizaji namna nyingine: hana matokeo ya kuyasoma ili ajue arekebishe nini.

SWALI: Je, mieleka ya kulipwa tunayoiona kwenye televisheni ni mchezo au ni maigizo?
Msomaji

JIBU: Ni maigizo yaliyovaa nguo za mchezo, na nasema hivyo kwa heshima. Mshindi hupangwa kabla ya pambano, na wapiganaji wawili husaidiana kwa makini kuliko wacheza dansi. Anayeinuliwa hewani huruka kidogo ili kumpunguzia mzigo anayemwinua, na anayemwangusha hulinda shingo yake, kwa sababu uzembe wa nusu sekunde unaweza kumvunja mtu uti wa mgongo. Keith Johnstone, mwalimu wa maigizo yasiyoandikwa, alivutiwa na jinsi watazamaji wa mieleka walivyopiga kelele na kuchukua upande, na kutokana na hilo akaanzisha huko Calgary, Kanada, mwaka 1977, maigizo ya papo kwa papo ambamo timu mbili hupewa alama na waamuzi. Ushindani huo ni wa kuwachangamsha watazamaji. Timu inayojali alama kuliko hadithi hucheza vibaya, na watazamaji huliona jambo hilo mara moja.

SWALI: Mwalimu, nafundisha kikundi cha maigizo cha vijana. Nimempata kijana aliyecheza mpira wa kikapu kwa miaka mingi. Ana nidhamu ya ajabu lakini kila tukio analigeuza vita. Nimsaidieje?
Mlezi wa kikundi

JIBU: Mwalimu mwenzangu, umepata hazina, usiiharibu kwa kumwambia aache uanamichezo wake. Anawahi kufika, anakubali kusahihishwa mbele ya wenzake, anarudia jambo moja mara hamsini bila kununa. Hayo wengine huhitaji miaka kuyajifunza. Anachohitaji ni kubadilishiwa upande. Sasa hivi anamwona mwigizaji mwenzake kama mchezaji wa timu pinzani, naye anamkaba. Mkumbushe kwamba mpira wa kikapu una pasi pia, na kwamba yeye alijua kumpa pasi mtu anayekimbia bila kumpunguzia mwendo.

Kisha lete mpira halisi mazoezini. Msimamishe pamoja na wenzake wawili au watatu, wasome mazungumzo ya tukio huku wakirushiana mpira, na kila anayesema arushe mpira kwa yule anayemsemea, neno la mwisho na mpira vifike pamoja. Mwanzoni ataurusha kwa nguvu, na mwenzake atakapokuwa akiukimbilia ukutani mazungumzo yatakatika, naye ataona mwenyewe ni nani aliyeyakata. Usimweleze lolote hapo. Waache warudie mpaka tukio zima lipite bila mpira kuanguka, halafu uondoe mpira na usikilize anavyosema.