Mwalimu, tangu lini mbuzi akala nazi?

Barua za mwezi huu karibu zote zinahusu chemshabongo ya toleo lililopita, ile niliyoitunga kwa mafumbo badala ya zile tulizozoea za "mji mkuu wa Zambia, herufi 6". Wengine wameshukuru, wengine wamenitukana kwa adabu. Nazijibu zile zitakazowafaa na wenzao.

Shikamoo Mwalimu. Kidokezo chako kilisema: "Zizini hula majani, jikoni hula nazi (5)". Jibu ukaweka MBUZI. Nimefuga mbuzi tangu utotoni na sijaona hata mmoja anayekula nazi. Umetudanganya?
*Msomaji, Dodoma*

Marahaba. Mbuzi wako hana kesi. Anayekula nazi ni yule wa jikoni: kigoda cha mbao chenye ulimi wa chuma wenye meno, unakikalia, unashika kifuu kwa mikono miwili, unakuna hadi nyama ya nazi iishe. Huku kwetu Tanga nyumba isiyo na mbuzi wa zizini ipo, isiyo na mbuzi ya kukunia ni ya kutafuta.

Kidokezo cha namna hii hubeba maana mbili za neno moja, bega kwa bega. Kiswahili hakina uhaba wa maneno hayo: paa, kaa, tembo, mengine utayaona mbeleni. Utasema hiki ni kitendawili tu. Kinakaribia, lakini kuna tofauti. Kwenye kitendawili ukishindwa unatoa mji, mwenzako anakutajia jibu, unakubali, yameisha. Hapa hakuna kupeana miji. Jibu likishapatikana, kila neno la kidokezo lazima lioneshe lilikuwa na kazi gani. Likibaki hata moja linazurura, ama jibu lako si sahihi ama mtungaji kafanya ovyo.

Mwalimu, kwenye "Mali iliyotapanywa ndiyo desturi (4)" mimi niliandika LIMA, mke wangu akaandika MILA. Tumebishana hadi ugali umepoa. Naomba utuamue.
*Msomaji, Singida*

Mama watoto kashinda, kaombe radhi upashiwe ugali.

Ila hukukosa kote. Neno "iliyotapanywa" lilikuashiria kwamba herufi za MALI zimwagwe zipangwe upya, nawe ukafanya hivyo. Tatizo ni kwamba M, A, L, I zinapangika kwa zaidi ya njia moja: zinatoa LIMA, zinatoa MILA, zinatoa hata IMLA, ile ya mwalimu kusoma na wanafunzi kuandika. Sasa nani mwenye haki? Hapo ndipo nusu ya pili inapokuja. Kidokezo huwa na sehemu mbili: moja ni hila, nyingine ni maana ya wazi ya jibu, kama ungeikuta kwenye kamusi. Maana hiyo hukaa mwanzoni kabisa au mwishoni kabisa, haikai katikati. Hapa iko mwishoni: "desturi". Kulima si desturi, hata kama Singida mnalima sana.

Kazi yote ya mchezaji ni kuutafuta mshono wa sehemu hizo mbili, na kazi yote ya mtungaji ni kuuficha. Mimi niliuficha kwenye "ndiyo", ili sentensi isomeke kama masikitiko ya mzee aliyeona watoto wanafuja urithi. Usiisome sentensi kama habari. Hesabu herufi. Ukiona neno lenye herufi sawa na jibu, na ubavuni mwake limekaa neno la fujo (vuruga, tapanya, pasuka, lewa, changanyikiwa), shuku hapo hapo. Ijaribu mbinu hiyo kwenye "Samaki wamevurugika msimu wa mvua (6)". Wavue samaki wako herufi moja moja, wapange upya, utaifikia MASIKA.

"Kipa kaumia, ndani yumo mla panya (4)". Nimepekua majina ya makipa wa ligi nzima, wa Kenya na wa Tanzania. Nani huyo?
*Msomaji, Kisumu*

Mpira hauhusiki, ndugu yangu. Andika KIPA KAUMIA bila kuacha nafasi, kisha tazama katikati: kiPAKAumia. Ukiona "ndani", "kajificha" au "tumboni mwa", jibu mara nyingi limelala mbele ya macho yako, halihitaji hata kupangwa.

Mwalimu, niko Leicester, nafanya kazi ya kuhudumia wazee. Babu mmoja hujaza chemshabongo za aina hii kila asubuhi kabla ya chai. Nani alianzisha mambo haya?
*Msomaji, Uingereza*

Miraba yenyewe ilianzia Marekani. Arthur Wynne, mzaliwa wa Liverpool, aliichapisha ya kwanza katika gazeti la New York World tarehe 21 Desemba 1913. Vidokezo vyake vilikuwa vya wazi. Waliovipinda ni Waingereza, na aliyevipinda kuliko wote ni Edward Powys Mathers, aliyetunga kwenye gazeti la Observer kuanzia 1926 kwa jina la Torquemada, mkuu wa mahakama ya Kikatoliki ya Uhispania iliyotesa watu. Hakuwaficha wasomaji wake anachokusudia! Aliyemrithi 1939 akajiita Ximenes, naye mkuu wa mahakama hiyo hiyo. Wa 1972 akajiita Azed. Ligeuze jina hilo utapata Deza, mtesaji mwingine.

Muulize babu huyo pia habari ya Leonard Dawe, mwalimu mkuu wa shule aliyeitungia Daily Telegraph. Mwaka 1944, wiki chache kabla ya majeshi ya Washirika kushuka Normandy, pwani ya Ufaransa, katika Vita vya Pili vya Dunia, miraba yake ilitoa Utah, Omaha, Overlord, Mulberry na Neptune, yote majina ya siri ya operesheni ile. Wapelelezi wakamwendea. Walimhoji, hawakumkuta na hatia, wakamwacha. Mimi nikikamatwa kwa ajili ya MBUZI, mniletee chakula.

Umesema "Kazi kinyume chake, tia kaburini (4)" ni ZIKA. Kazi ukiigeuza ni IZAK, Mwalimu. Hesabu haikubali.
*Msomaji, Unguja*

Msomaji wa Unguja ananiuliza mimi kinyume? Kwa Waingereza hesabu yako ndiyo sahihi, wao hugeuza herufi moja moja. Huku pwani kinyume ni silabi: ya mwisho inatangulia mbele, nyumba inakuwa mbanyu, na mtoto anamsema mgeni mbele yake bila mgeni kushtuka. Edward Steere alikiandika kinyume katika kitabu chake cha Kiswahili tangu karne ya 19, kwa hiyo si mchezo wa jana. Sioni sababu ya kugeuza herufi katika lugha ambayo masikio yake yanasikia silabi. KA-ZI, ZI-KA. Vivyo hivyo KASA wa baharini akigeuka ni SAKA, na BARA ni RABA. Kwenye ukurasa huu itabaki hivyo, na nitakuwa naandika "kinyume" kila mara ili pasiwe na lawama.

Nami nimejaribu kutunga: "Karani aliyechanganyikiwa ofisini ndiye kiongozi (6)". Kinafaa?
*Msomaji, Malindi*

Kinafaa sana. KARANI ukizichanganya herufi zake unapata KINARA, na sentensi inasomeka kama habari ya halmashauri fulani ambayo sitaitaja. Dosari ni "ofisini". Waulize wenzake kazi yake, hakuna atakayejua: haimo kwenye hila, haimo kwenye maana, imekaa kupendezesha tu. Ifute, kibaki "Karani aliyechanganyikiwa ndiye kiongozi". Bahati mbaya nimeshakianika hapa, siwezi tena kukiweka kwenye mraba. Nitungie kingine, safari hii cha kuficha neno ndani, kinifikie kabla ya toleo lijalo.